Shajara ya bustani ya nyuma ya nyumba: Kigamboni, Februari hadi Juni

3 Februari

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja wa mita 9 kwa 6. Tangu tuhamie tumeutumia kuanika nguo na kuchoma taka. Leo nimefagia, nimeondoa mawe na vipande vya chupa, nimepiga kamba. Hapa itakuwa bustani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, kwa hiyo niko nyumbani mchana kutwa. Mboga nanunua jioni kwa mama anayepita na beseni. Fungu moja ni shilingi 300, na kwa watu sita tunahitaji mafungu matatu. Kiangazi hiki cha kaskazi mchicha unafika umelegea kabisa. Nataka mboga ninayoikata saa kumi na moja na kuila kabla ya isha. Nitaandika kila ninachofanya na vipimo vyake, maana sijawahi kulima hata tuta moja.

Upande wa magharibi kuna mwembe wa jirani. Kivuli chake kinaanza kuingia uwanjani saa tisa alasiri, na nadhani hiyo ni bahati, jua la Dar mwezi huu si la mchezo. Nimeacha mita 3 kutoka kwenye shina ili nisishindane na mizizi yake. Kisima kiko karibu na choo cha nje, hatua kama ishirini kutoka kwenye kamba.

5 Februari

Udongo ni kichanga cheupe. Nimeuloanisha na kuufinyanga kiganjani, haushikani hata kidogo. Nimemwaga ndoo ya lita 10 sehemu moja, yamezama kabla sijahesabu hadi kumi.

8 Februari

Mama mkwe amefika jana kutoka Lushoto, atakaa nasi hadi katikati ya mwaka. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameshika jembe. Yeye amekulia kwenye miteremko ya Usambara, kwenye kabichi, karoti na hoho zinazopakiwa kwenye malori kuja mjini, na mkono wake unajua kazi. Nilitaka apumzike, akaniambia, "Mkwe, nitapumzika nikiona kitu cha kijani hapa."

Tumeinua matuta manne, kila moja mita 3 kwa 1, kimo sentimita 20. Jumla mita za mraba 12 za kupanda. Kati ya matuta tumeacha njia ya sentimita 40 ili nipite na keni bila kukanyaga. Samadi nimenunua kwenye banda la kuku wa nyama, viroba vitano. Ilikuwa bado ina joto ndani na harufu inayochoma macho. Tumeichanganya sehemu yake siku hiyohiyo.

10 Februari

Tumepanda. Mbegu za mchicha ni ndogo kama chembe za unga, nimechanganya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu ndipo nikanyunyiza kwenye mifereji, zisirundikane. Bamia nimeloweka usiku kucha, nikapanda mbili mbili kila shimo, sentimita 50 kati ya mashimo. Tuta la tatu ni spinachi, ile ya majani mapana na shina jeupe. Tuta la nne ni karoti, mbegu kaja nazo Mama. Nyanya nimezisia kwenye beseni bovu nililolitoboa chini, nikaliweka chini ya kibanda kidogo cha makuti.

Namwagilia maji ya kisima, madumu matatu kwa siku.

14 Februari

Mchicha umeota, siku ya nne tu! Mistari myembamba myekundu na kijani. Nimewaita watoto waje waone kabla ya shule.

19 Februari

Kuna tatizo. Miche ya mchicha imekwama kwenye majani mawili, na ncha za majani zimekauka kama zimepitiwa na pasi. Bamia pia, rangi ya kahawia inaanzia ukingoni kwenda ndani. Mama anasema ni kiu, kwao miche ikiungua hivi huongezewa maji. Nimeanza kumwagilia mara mbili, asubuhi na saa saba mchana.

22 Februari

Mistari miwili ya mchicha imekufa. Karoti haijaota hata moja. Spinachi peke yake ndiyo inatembea kama hakuna kilichotokea.

24 Februari

Leo nimejifunza jambo ambalo ningelijua mwezi uliopita ningeokoa samadi, mbegu na siku kumi na nne.

Babu jirani, mwenye mwembe, alipita kuokota makuti. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama akiangalia matuta bila kusema kitu. Halafu akainama, akaparua udongo kwa ukucha. Juu ya tuta kulikuwa na utando mweupe mwembamba ambao mimi nilidhani ni mabaki ya samadi. Akaugusisha ulimini.

"Mwanangu," akasema, "unaimwagia bustani chumvi."

Kisima chetu kina chumvi, hilo tunalijua wote humu ndani. Maji ya kunywa na kupikia tunachota ya bomba. Ya kisima ni ya kufulia na chooni, na tukifulia sabuni haitoi povu mpaka uitumie mara mbili. Miaka mitatu nafua kwa maji yale na sikuwahi kuwaza kwamba mmea nao unayanywa.

Babu alinieleza kwa mfano wa samaki. Ukimpaka chumvi ng'onda, chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama. Udongo wenye chumvi nao unauzuia mzizi usivute maji, mmea unakaa na kiu huku umesimama kwenye unyevu. Na kadiri nilivyomwagilia mchana wa jua, maji yaliruka hewani na chumvi ikabaki pale pale, kila siku inaongezeka. Nilipoongeza maji niliongeza chumvi.

Mama alisikiliza yote. Kule kwao maji yanatoka mlimani, matamu. Hajawahi kuona shamba lililokufa kwa kumwagiliwa. Usiku aliniomba nimwonjeshe maji ya kisima, akanyamaza kwa muda.

2 Machi

Bibi shamba wa kata amekuja. Nilimfuata ofisini Ijumaa, akaahidi na akatimiza. Alikuwa na kipimo kidogo cha chumvi, kama kalamu nene, akakichovya kwenye ndoo. Kilisoma 2.8, kipimo chake ni desisimensi kwa mita. Akanifafanulia: chini ya 0.7 unamwagilia chochote bila wasiwasi, kutoka 0.7 hadi 3 unachagua mazao na unamwagilia kwa akili. Ukivuka 3 ni shida kubwa. Sisi tuko karibu na mlango wa shida kubwa.

Akachovya na maji aliyolowekea samadi yangu iliyobaki. Kipimo kikapanda juu kuliko cha kisima. Samadi ya kuku ina chumvi zake nayo, tena ikiwa mbichi inaunguza kwa namna nyingine pia. Kwa hiyo mchicha wangu ulipigwa pande mbili. Niirundike, niiloanishe, niifunike, niigeuze kila wiki, nisiitumie kwa miezi miwili.

Mazao hayalingani kwa uvumilivu. Karoti, vitunguu na maharage yanaumia mapema kabisa, ndiyo maana karoti za Mama hazikutoa hata jani. Nyanya ziko katikati. Kunde zinavumilia zaidi. Na spinachi yangu ni ndugu wa kiazisukari, babu yao mmoja ni mmea wa porini unaoota ufukweni mwa bahari huko Ulaya. Chumvi ni ya nyumbani kwake. Nilifurahi kusikia hivyo, nikaenda kuitazama tena.

Maagizo yake niliyoandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: mwagilia alfajiri, si mchana. Mwagilia kwenye udongo, si juu ya majani. Mwagilia mengi kwa mkupuo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, kisha pumzisha siku moja. Usinyunyize kidogo kidogo kila saa. Funika udongo. Na kabla ya yote, tafuta maji mengine ya kuchanganyia.

4 Machi

Maji mengine yapo, yatashuka kutoka mbinguni wiki mbili zijazo. Masika.

Nimefanya hesabu na mume wangu mezani. Paa la upande wa nyuma ni mita 8 kwa 5, mita za mraba 40. Milimita moja ya mvua ikidondokea mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 25, ambayo kwa masika ya Dar si kitu cha kushangaza, inatuletea lita 1,000 kutoka kwenye bati ambalo miaka yote limekuwa likimwaga maji njiani.

Bustani inakula kama lita 60 kwa siku wakati wa jua. Nikichanganya nusu mvua nusu kisima, 2.8 inakuwa 1.4, na mvua ninayohitaji inashuka kuwa lita 30 kwa siku. Mapipa matatu ya lita 200 yatanipeleka siku 20 bila mvua.

6 Machi

Mapipa matatu yaliyotumika, shilingi 40,000 kila moja. Nimechagua yaliyobeba juisi, nikanusa kila moja. Muuzaji alikuwa na ya bei nafuu yaliyobeba dawa za viwandani na alisisitiza kwamba yameoshwa. Sikuyagusa. Gata na pembe zake 55,000, mume wangu amefunga mwenyewe.

Vifuniko nimeshona: kitambaa chepesi cha pazia, pembeni nimepitisha mpira wa kiunoni, kinavuta na kubana kama kofia. Maji yanapita, mbu hapiti. Dar tulipata dengi 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyosimama karibu na nyumba. Sitaki bustani yangu iwe sababu ya mtoto wa mtu kulazwa.

8 Machi

Kazi nzito leo. Tumevunja matuta mawili na kuyageuza.

Babu anasema kwenye mchanga na jua hili tuta la kuinuka linakauka haraka, lichimbwe, lizame chini ya usawa wa ardhi ili maji yakae. Mama anasema mvua zikija hilo litakuwa bwawa. Wote wawili nawaheshimu na sikutaka kumwangusha yeyote. Nikaamua: mawili yazame, mawili yabaki juu kama Mama alivyoyafanya.

Kwenye yaliyozama tumechimba sentimita 40 na kutandika makumbi ya nazi chini, kisha majani makavu ya mwembe, kisha mchanga uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyoiva, nyeusi, isiyo na harufu, viroba vitatu. Makumbi yanashika maji kama sponji. Babu alinionya jambo ambalo mgeni wa pwani hawezi kulijua: nisichukue makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, hayo yameshiba maji ya bahari. Nimechukua makavu kwa muuza nazi, gunia 1,000.

Nimepanda upya mchicha, kunde za majani, na matembele. Matembele ni vipandikizi vya sentimita 30, nusu ardhini nusu juu, nimepewa bure na mama wa beseni nilipomwambia ninachofanya. Nyanya nimezisia upya kwa maji ya bomba.

Spinachi sikuigusa isipokuwa kupunguza. Kumbe kila punje yake ni kifungu cha mbegu kadhaa, zinaota tatu tatu mahali pamoja.

17 Machi

Mvua ya kwanza, saa tisa usiku. Nimeamshwa na sauti ya maji yakiingia kwenye pipa. Nimetoka na khanga kichwani nikiwa na tochi. Mama alikuwa ameshafika.

18 Machi

Mapipa yote matatu yamejaa na yamemwaga. Mvua moja.

29 Machi

Siku ya tatu mfululizo. Matuta yaliyozama yamejaa maji hadi ukingoni, mchicha umelala, kunde zimeanza kuwa njano. Matuta ya Mama yamesimama juu ya maji kama mitumbwi.

Hakusema neno. Alichukua jembe, akakata mfereji kutoka kwenye vitalu hadi nyuma ya ukuta, akanyanyua udongo wa njiani na kuujazia mimi nikishika ndoo. Hadi adhuhuri vilikuwa vimefika usawa wa ardhi. Babu alikuja akasimama chini ya mwavuli, akasema, "Mkwe wako anaijua mvua." Mama akamjibu, "Na wewe unalijua jua, kaka." Nimeandika maneno yao hapa nisije kuyasahau.

5 Aprili

Mavuno ya kwanza! Mchicha wa matuta ya juu, siku ya 28. Tumekata, hatukung'oa, tumeacha shina la sentimita 10 lichipue tena. Mafungu makubwa mawili. Mama kaupika kwa nazi na kitunguu tu. Mwanangu wa mwisho, ambaye mchicha kwake ni adhabu, aliomba tena.

Miche 12 ya nyanya imehamishiwa tuta la nne.

11 Aprili

Kuna mtu anakula kunde usiku. Mashimo makubwa, na utepe unaong'aa juu ya majani.

12 hadi 17 Aprili

Konokono. Wale wakubwa wenye gamba refu, asili yao ni pwani hii hii ya Afrika Mashariki, na kwenye masika wanatoka ukutani, chini ya makumbi, kila mahali penye unyevu. Saa nne usiku mimi na watoto tuliokota 63 kwa tochi. Tumevaa mifuko ya nailoni mikononi, na kila mtu amenawa kwa sabuni, maana hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu. Sina dawa ninayotaka kuinyunyizia mboga tutakayoila baada ya siku tatu, kwa hiyo ni mikono tu. Usiku wa pili 41. Usiku wa tano 9. Majivu tuliyozungushia tuta yalisaidia hadi mvua iliyofuata, basi.

Kuku wa mtaani nao walianza kuparua. Rafiki wa mume wangu ni mvuvi, ametupa wavu chakavu, tumeufunga kwenye miti ya mikoko iliyobaki kwenye ujenzi. Umezunguka bustani yote.

30 Aprili

Mwezi wa majonzi kwa nyanya. Ugonjwa wa bakajani umeingia na mvua: madoa ya maji kwenye majani, siku mbili baadaye shina jeusi. Nimeng'oa saba na kuzichoma mbali. Zimebaki tano. Bibi shamba alisema nisimlaumu mtu, masika ya pwani si msimu wa nyanya za nje, hata wakulima wenye uzoefu hupata shida. Ningepaswa kuzisia Mei ili zikomae kwenye kipupwe.

14 Mei

Bibi shamba amepita na kalamu yake. Kisima: 1.9. Mvua imekiongezea maji matamu. Alichukua udongo wa tuta la kwanza, lile lililokuwa na utando mweupe, akauloweka na kupima. Chumvi imeshuka sana. Masika imeuosha kichanga, kwa sababu kichanga kinapitisha maji upesi. Udongo niliokuwa naulalamikia kwa kutoshika maji, kwa sababu hiyo hiyo umeachia chumvi.

Akageuza majani ya nyanya moja moja akitafuta kantangaze. Huyu ni kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu, asili yake Amerika ya Kusini, wakulima wa Tanzania walianza kumwona 2014. Huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka kama karatasi. Hatukumwona. Nimeelekezwa kukagua kila asubuhi na kutumbua jani lolote lenye baka.

22 Mei

Bamia nilizopanda upya Machi zinatoa. Lazima uzichume kila baada ya siku mbili zikiwa urefu wa kidole, ukichelewa zinakuwa mti. Leo 34.

Matembele yamefunika njia. Kati ya vyote nilivyopanda haya ndiyo yamenisumbua kidogo na kunipa zaidi. Nikiulizwa na mtu wa Kigamboni aanze na nini, nitamkatia kipandikizi.

9 Juni

Nyanya za kwanza zimeiva, na tatu kati ya nane zina doa jeusi bapa chini, zimeoza kitako. Si mdudu. Ni madini ya kalsiamu kutofika kwenye tunda, na sababu mara nyingi ni maji ya kushtukiza: siku nne bila mvua nikasahau, siku ya tano nikamwaga mengi. Sasa ni lita mbili kwa kila mche, siku moja ndiyo, siku moja hapana, alfajiri. Nimetandaza majani makavu ya mwembe kwenye mashina.

20 Juni

Mvua zimekwisha. Upepo wa kusi unavuma na asubuhi kuna ubaridi. Ndani ya kila pipa nimechora mistari kwa rangi, kila mstari lita 20.

Hesabu ya fedha: nimetumia 318,500, zaidi ya nusu yake mapipa na gata. Tangu 5 Aprili nimenunua mboga mara nne tu.

Samadi ya kuku ya Machi nimeifunua. Imepoa, imekuwa nyeusi, harufu ya msitu. Nitaiweka kiroba kimoja kwa tuta, si zaidi, na kwanza nitailoweka na kuomba ipimwe.

27 Juni

Mama amepanda basi la Lushoto alfajiri. Kwenye pindo la khanga amefunga mbegu za kunde zetu na punje za spinachi, anataka kuona zitafanya nini kwenye udongo mwekundu. Ameniachia jembe alilolinunua hapa. Mpini ameufunga kitambaa kutoka kwenye mabaki yangu ya kushona, pale hasa mkono wa kushoto unaposhika.

Pipa la kwanza: limejaa. La pili: mistari saba. La tatu: mistari mitatu. Leo nimemwagilia dumu moja la mvua, dumu moja la kisima. Kesho napumzisha.